Hazina Ipo Lesotho, Ufunguo Upo Jikoni

Sanduku dogo la bati limefungwa kwa kufuli la namba tatu. Juu yake pamebandikwa karatasi yenye maneno haya: “Nina mfalme, nina theluji, bahari sina. Ardhi yangu yote iko juu ya mita 1,000. Jirani ninaye mmoja tu, na kila ninakogeuka ni yeye.”

Wape karatasi hiyo watoto wanne wenye ramani ya dunia ukutani, kisha kaa pembeni usikilize ubishi. Mwenye haraka atasema Uswisi, kwa sababu ya theluji. Mwingine ataropoka Nepal. Wa tatu, aliyelisoma neno “mfalme” kwa makini, atasema Eswatini, na atakuwa karibu sana na jibu mpaka kidole chake kigote kwenye mpaka wa Msumbiji na kuona kwamba majirani hapo ni wawili. Kisha jicho la mmoja wao litateremka kusini-magharibi kidogo na kuikuta nchi nzima iliyokaa ndani ya nchi nyingine. Lesotho!

Shangwe haidumu, kwa sababu kufuli halifunguki kwa jina. Linataka tarakimu tatu. Watoto wanahesabu herufi, wanajaribu idadi ya wilaya, wanajaribu bahati. Atatokea mmoja atakayekumbuka kwamba simu ya baba ikiita kutoka Kenya huonyesha 254, na ya kutoka Uganda 256. Basi Lesotho je? Ni 266. Kufuli linalia tak.

Huo ndio msako wa hazina wa jiografia. Likizo za Juni na Desemba zinapofika na wazazi wa mjini wakaanza kuulizana watoto watashinda wapi na wakifanya nini, sijaona mchezo mwingine wenye gharama ndogo na kelele nyingi kiasi hiki. Unahitaji ramani moja ya ukutani ya dunia, uzi, pini, karatasi na sanduku lolote linalofungika.

Wazo lenyewe ni la zamani. Miaka ya 1760 mchonga ramani wa London, John Spilsbury, alibandika ramani juu ya ubao mwembamba, akaukata kwa kufuata mipaka ya nchi, akauza vipande hivyo ili watoto wajifunze kuvipanga upya. Mwaka 1881, huko Scotland, mwandishi Robert Louis Stevenson alichora ramani ya kisiwa cha kubuni akiwa na mtoto wake wa kambo. Ramani ilitangulia, hadithi ikafuata, na hadithi hiyo wasomaji wetu waliifahamu baadaye kwa jina la Kisiwa chenye Hazina. Kisha mwaka 1985 Wamarekani wakatoa mchezo wa kompyuta wa kumsaka mwizi aitwaye Carmen Sandiego, anayeruka kutoka nchi hadi nchi. Uliuzwa pamoja na kitabu kinene cha taarifa za dunia, maana mchezaji asiyekifungua kitabu hicho hamkamati mtu.

Katika yote hayo ramani ilikuwa kitu cha kutumia. Ya kwetu mara nyingi imetundikwa juu ubaoni, mbali na mikono ya watoto, na kazi yake kubwa ni kupauka. Jiografia yenyewe tuliimezeshwa: mji mkuu wa Zambia, Lusaka, mto mrefu Afrika, Nile. Jibu lilikuja kabla hatujawa na hamu ya swali. Mtoto aliyeizunguka Lesotho kwa kidole, akakataliwa na Eswatini, akaitafuta namba yake, hatahitaji kukaririshwa iko wapi.

Kituo cha kwanza kiwe jikoni. Siku ya pilau inatosha. Viungo vikitolewa kwenye makopo na kupangwa kwenye sinia, kila kimoja kinapewa kidokezo kisichotaja nchi, na watoto wanatakiwa kukirudisha kwao kwenye ramani. Pilipili manga inakwenda pwani ya Malabar, kusini-magharibi mwa India, na iliki inaifuata hukohuko milimani. Mdalasini unarudi Sri Lanka. Viazi vinavuka Atlantiki hadi milima ya Andes, upande wa Peru na Bolivia, na nyanya na pilipili mbichi za kachumbari zinaelekea bara hilohilo la Amerika.

Karafuu wanaipeleka Pemba, wote kwa sauti moja. Wape karatasi yake: “Kwetu ni visiwa vidogo vya volkano, viwili kati yake vikitazamana, kila kimoja na sultani wake. Wareno, Wahispania na Waholanzi waligombana kwa ajili yangu.” Visiwa hivyo ni Ternate na Tidore, katika Maluku, mashariki ya Indonesia. Hapo ndipo uzi unapoanza kazi. Pini ya kwanza inachomwa Maluku. Ya pili Mauritius, ambako Mfaransa Pierre Poivre alifanikiwa kupeleka miche mwaka 1770 baada ya Waholanzi kuilinda biashara hiyo kwa muda mrefu na kwa ukali. Ya tatu Unguja, ambako mikarafuu ilifika mwanzoni mwa karne ya 19 na kutapakaa enzi za Seyyid Said. Ya nne Pemba, na hapa mtoto atauliza kwa nini Pemba ikaipita Unguja. Mwaka 1872 kimbunga kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na Pemba ikanusurika kwa kiasi kikubwa. Uzi mmoja umepita bahari, wizi, usultani na kimbunga, na pilau bado haijaiva.

Karafuu inawashangaza, lakini kinachowauma ni ugali. Mahindi asili yake ni kusini mwa Mexico, yalikoanza kulimwa kiasi cha miaka 9,000 iliyopita. Muhogo ni wa Amerika Kusini. Korosho ni ya Brazil, imeletwa na Wareno, na mtoto wa Mtwara akiambiwa hivyo atakasirika kama aliyetukaniwa bibi yake. Waache wakasirike, kisha watume watafute ni nini basi kilichobaki chetu. Watarudi na mtama, ulezi, kunde, ubuyu, na kahawa iliyoanzia nyanda za juu za Ethiopia. Kidokezo cha kituo kinachofuata kifichwe chini ya kopo la kahawa.

Kituo hicho kiko nje ya nyumba. Miji yetu ina mitaa iliyopewa majina ya watu na mahali pa mbali, na tunapita kila siku tukiwaza foleni tu. Dar es Salaam peke yake inatosha kwa siku nzima: Samora anakupeleka Msumbiji, Nkrumah Ghana, Lumumba Kongo, Haile Selassie Ethiopia, Kaunda Zambia. Barabara ya pwani yenye jina la Barack Obama inakupeleka Honolulu alikozaliwa, katikati ya bahari ya Pasifiki. Hapo pana nyongeza tamu kwa mtoto anayependa kuchimba mchanga ufukweni: shimo likianzia Dar es Salaam na kupita kwenye kitovu cha dunia, litatokea kwenye Pasifiki hiyohiyo, kusini-mashariki ya Hawaii, na mchimbaji atahitaji kujua kuogelea.

Kwa Nairobi, nenda katikati ya jiji. Mtaa wa Monrovia na barabara ya Tubman zote zinaelekeza Liberia, moja kwa mji na nyingine kwa rais. Accra inajieleza. Luthuli, mtaa unaojulikana zaidi kwa redio na televisheni, una jina la Albert Luthuli wa Afrika Kusini, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 1960. Muulize mwenye duka ni nani huyo Luthuli, na usishangae mtoto akimfundisha.

Barabara ya Toure, ile inayoambaa na bahari Oysterbay, naipenda kuliko zote kwa sababu ina mtego. Sékou Touré alikuwa rais wa kwanza wa Guinea. Sawa, lakini Guinea ipi? Afrika zipo tatu: Guinea, Guinea-Bissau na Guinea ya Ikweta, na mbali kabisa, kaskazini ya Australia, ipo Papua New Guinea. Mtoto akishazitenganisha mpe nyingine: “Jina langu lina ikweta, lakini mstari wenyewe haugusi ardhi yangu.” Ni Guinea ya Ikweta hiyohiyo. Bara lake na kisiwa chenye mji wa Malabo viko kaskazini ya ikweta, kisiwa chake cha Annobón kiko kusini, na mstari unapita majini katikati yao. Atakayeona hilo bila kusaidiwa anastahili pipi mbili.

Baada ya mitaa, nguo. Kila mtoto ageuze kola ya fulana yake asome lebo. Bangladesh zitakuwepo, Vietnam, Cambodia, pengine Honduras. Kwa nguo za mitumba uzi unakwenda mara mbili: pamba imeshonwa Honduras, ikavaliwa miaka miwili Marekani, ikaingia kwenye bale, ikashuka bandarini na kuishia Karume au Gikomba. Kwenye paketi za dukani tazama mistari myeusi yenye tarakimu chini yake. Tarakimu tatu za mwanzo zikiwa 620, namba hiyo ilisajiliwa Tanzania. 616 ni Kenya, 890 India. Waambie watoto mapema kwamba namba hiyo inaonyesha kampuni ilikosajili bidhaa, na si lazima iwe imetengenezwa hapo. Watu wazima wengi wanaosambaza ujumbe wa namba hizi kwenye simu hawajui tofauti hiyo.

Kisha kontena. Mitaani kwetu limekuwa duka, saluni, hata kituo cha polisi, na ubavuni bado lina herufi za mwenye meli. Kidokezo: “Meli zangu ni nyingi kuliko za kampuni yoyote ya makontena duniani, lakini ofisi yangu kuu iko katika nchi isiyo na bahari.” Watoto wataikagua pwani yote ya Ulaya bila kufika. Ni MSC, na makao yake ni Geneva, Uswisi. Yule aliyeropoka Uswisi asubuhi sasa atadai alijua.

Neno moja kuhusu ramani yenyewe. Ile iliyozoeleka ukutani mara nyingi inafuata mchoro wa Mercator wa mwaka 1569, uliotengenezwa kuwasaidia mabaharia kushika mwelekeo. Kwa mwelekeo inafaa, kwa ukubwa inadanganya: jinsi unavyokaribia ncha za dunia ndivyo nchi zinavyovimba. Greenland inaonekana kulingana na Afrika. Kweli yake ni kwamba Greenland ina kilomita za mraba milioni 2.2 hivi, na Afrika ina milioni 30. Inaingia ndani ya Afrika mara 14 hivi. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo peke yake, yenye milioni 2.3, inaipita. Tanzania ni karibu mara nne ya Uingereza. Madagaska, ambayo kwenye ramani hiyo inaonekana kipande tu, ni kubwa kuliko Ufaransa ya Ulaya. Kama shule au maktaba ya karibu ina tufe la dunia, funga kidokezo kimoja kinachoweza kujibiwa kwa tufe tu: “Kwenye karatasi nakushinda, kwenye mpira unanishinda. Mimi ni nani, na wewe ni nani?” Greenland na Kongo. Na Greenland ina ulaghai wa pili. Watoto wakishagundua kwamba namba za simu za nchi za Afrika zinaanza na 2, watatunga kanuni kwamba kila 2 ni Afrika. Wapigie 299. Ni Greenland.

Sasa utungaji, na hapa ndipo wazazi na walimu wengi wanapoharibu. Kidokezo kibaya ni kile ambacho jibu lake unalijua au hulijui: mji mkuu wa Mongolia ni upi? Mtoto asiyejua hana pa kuanzia, atakaa kimya au atachukua simu. Kidokezo kizuri kinampa njia hata kama hajui lolote. “Miji mikuu miwili inayotazamana ng’ambo na ng’ambo ya mto mmoja, na mto huo unaukata mstari wa ikweta mara mbili.” Hapo ana ikweta ya kufuata, ana mto wa kutafuta, na mwisho Kinshasa na Brazzaville zitajitokeza zenyewe. “Mimi ni wa pili duniani kwa kina, wanne wamenigawana, na aliyenitangulia anaganda kila mwaka.” Ziwa Tanganyika, lenye Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia; aliyelitangulia ni Baikal wa Siberia, mwenye mita 1,642 dhidi ya 1,470. Kwa wakubwa zaidi, umri wa kidato cha kwanza, ipo ya Kiribati: nchi pekee inayogusa kaskazini, kusini, mashariki na magharibi ya dunia, na ambayo mwaka 1995 iliusogeza mstari wa tarehe ili visiwa vyake vyote viwe na siku moja.

Usiweke zaidi ya vituo sita au saba. Changanya umri katika kila kundi, mkubwa asome na mdogo achome pini, la sivyo mkubwa atamaliza kila kitu na wadogo watakwenda kucheza mpira. Ndani ya sanduku weka kashata, ubuyu, karata, stempu za zamani kama unazo. Stempu isiyo na jina la nchi hata moja ni ya Uingereza, iliyoanzisha stempu mwaka 1840 na tangu hapo haikuona haja ya kujitambulisha. Fedha usiweke. Nimeona mchezo mzuri ukigeuka ugomvi wa noti ya elfu tano.

Na simu? Mimi ningeiruhusu mwishoni tu, kwenye kutafuta namba ya kufuli. Si kwamba nina chuki nayo. Mei 2000 serikali ya Marekani iliacha kuzipunguzia makali ishara za setilaiti kwa watumiaji wa kawaida, na siku iliyofuata mkazi wa Oregon, Dave Ulmer, alificha ndoo ya vitu porini akatangaza mahali ilipo kwa latitudo na longitudo. Mchezo ule leo unachezwa kote duniani. Mwaka 2013 Msweden Anton Wallén akatoa GeoGuessr, mchezo ambamo unatupwa kwenye picha ya barabara mahali popote na kutakiwa ukisie uko wapi. Wachezaji wake mahiri wanaitambua Kenya kwa bomba la hewa linalochomoza kando ya gari lililopiga picha, kabla hata ya kutazama miti. Ni ustadi wa aina yake. Ila mtoto anayeanza na simu atauliza sauti ya simu, sauti itamjibu, na ramani itabaki ukutani.

Kushindwa nako kuwe na bei, na bei yake tunayo tayari. Bibi zetu walipotega kitendawili na wasikilizaji wakashindwa, mtegaji alidai: “Nipeni mji!” Wakampa Mombasa, au Bagamoyo, au Ujiji. Akiona mji hauna hadhi aliukataa, akataka mwingine. Akiukubali aliutembelea kwa maneno, akala, akanywa, akastarehe, ndipo akatoa jibu. Katika msako wetu kundi lililokwama litoe mji, lakini kwa masharti mawili: uwe haujatajwa tangu asubuhi, na mtoaji aushike kwa kidole kwenye ramani kabla hajahesabu kumi.

Masharti hayo yanafanya kazi zaidi mchana, zamu zinapogeuzwa na watoto kuanza kuwatega wazazi. Wana kisasi cha vituo saba na wanatega bila huruma. Baba atatoa Dubai, atatoa Guangzhou anakofuata mzigo, atatoa London na Muscat, na baada ya hapo ataanza kukohoa. Atajaribu Dubai tena. Watakataa wote, na aliye mdogo kuliko wote, ambaye tangu asubuhi kazi yake ilikuwa kuchoma pini, atamwambia Ulaanbaatar iko wazi, bado hajaitoa mtu.